Likizo Kusini mwa India: maswali mnayoniuliza kila msimu

Nilikwenda Bengaluru kusoma nikakaa miaka mitatu, kisha nikarudi Chennai mara mbili nikimsindikiza mama kwa matibabu. Tangu hapo simu yangu haipumziki. Huyu anauliza viza, yule ana siku nne kabla ya ndege ya kurudi, mwingine anataka kumpeleka mke fungate na amesikia habari za boti zenye vitanda. Majibu nimeyaweka hapa pamoja. Bei na ratiba hubadilika, kwa hiyo zihakikishe kabla ya kulipa.

Kusini mwa India ni wapi hasa?

Ni majimbo matano: Kerala, Tamil Nadu, Karnataka, Andhra Pradesh na Telangana, pamoja na kieneo cha Puducherry. Kerala wanasema Kimalayalam, Tamil Nadu Kitamil, Karnataka Kikannada, na mawili ya mwisho Kitelugu, na kila lugha ina herufi zake. Kihindi ulichookota kwenye filamu hakitakufikisha mbali, na Tamil Nadu ukikianza unaweza kununiwa. Kiingereza cha kubabaisha kinapokelewa vizuri zaidi. Goa wengi huiweka humu, mimi siiweki.

Niende miezi gani?

Mtu wa pwani swali hili ana nusu ya jibu tayari, kwa sababu pepo ni zilezile. Kusi inayotupuliza sisi huvuka bahari ikinywa maji njia nzima, na karibu na tarehe 1 Juni huigonga Kerala. Mvua ya Juni na Julai kule si manyunyu: barabara zinageuka mito na milima huporomoka. Mwishoni mwa Julai 2024 maporomoko ya Wayanad yaliua mamia ya watu. Hata majahazi ya zamani hayakuthubutu kukaribia pwani ya Malabar kusi ikiwa imekaza.

Wengi hukosea hapa. Safu ya milima ya Ghat ya Magharibi huzuia mawingu hayo, kwa hiyo Kerala ikilowa, Chennai iko kavu na joto linachoma. Upepo ukigeuka kuwa kaskazi, kati ya Oktoba na Desemba, zamu inakuwa ya pwani ya Tamil Nadu. Mtu anasoma mahali kwamba "mvua India huisha Septemba", anakata tiketi ya Chennai ya Novemba, anakuta maji ya magoti mtaani. Salama kwa pande zote ni kuanzia katikati ya Desemba mpaka mwisho wa Februari, ingawa wiki ya Krismasi na Mwaka Mpya vyumba hupanda bei bila haya. Aprili na Mei nenda milimani tu. Hampi na Hyderabad miezi hiyo joto hufika nyuzi 40.

Nina siku kumi tu. Niende wapi?

Shika pwani moja, usiiachie. Ramani ya India inadanganya: kidole kimoja ni safari ya siku nzima. Wanaorudi wamechoka kuliko walivyoondoka ni wale waliotaka Kochi, Hampi, Madurai na Hyderabad ndani ya siku tisa.

Kwa mara ya kwanza mimi hupanga hivi: Kozhikode usiku 2, Kochi 3, Munnar 2, Alappuzha 1, na zilizobaki Varkala, kisha ndege kutoka Thiruvananthapuram. Varkala kuna jabali jekundu linalokatika ghafla juu ya ufukwe. Unakula samaki juu, bahari iko chini ya miguu yako. Mkondo wake ni mkali. Bendera nyekundu ikipandishwa usijifanye mtoto wa pwani.

Kozhikode? Mbona vitabu vya watalii haviitaji sana?

Ndiyo maana naitaja mimi. Wazungu waliiita Calicut, na kwetu sisi ni mji wa upande wa pili wa bahari yetu. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiwa na rubani aliyeijua njia, kusi ikamsukuma, na tarehe 20 Mei akatia nanga karibu na hapo. Vitabu vya shule vinasema "aligundua njia". Rubani wake alikuwa anakwenda mahali panapojulikana.

Nenda mtaa wa Kuttichira, wenye bwawa kubwa la maji katikati, ukautazame msikiti wa Mishkal. Ulijengwa karne ya 14 na tajiri mwenye meli, Nakhuda Mishkal, na hilo "nakhuda" ndilo "nahodha" letu. Hauna mnara. Ni ghorofa za mbao zilizopandana, paa la vigae juu ya paa, ukiuona kwa mbali utadhani jumba la mfalme wa nchi za mvua. Wareno waliuchoma moto mwaka 1510, ukatengenezwa upya. Asiye Mwislamu atautazama kwa nje. Mwislamu aingie asali, akae kidogo kwenye ule ubaridi wa mbao.

Kisha kodi bajaji (wenyewe wanaita "auto") mpaka Beypore, kilomita kama 10 kusini, kwenye mdomo wa mto Chaliyar. Huko bado wanaunda majahazi makubwa ya mbao yanayoitwa uru, wateja wengi wakiwa matajiri wa Ghuba. Mafundi hawatumii michoro, vipimo viko kichwani. Siku niliyofika, mzee mmoja alikuwa amechuchumaa chini ya ubavu wa chombo kikubwa kama msikiti wa mtaani kwetu, lungi ameikunja juu ya magoti kama mtu wa Tanga na kikoi chake, anapigilia pamba kwenye maungio ya mbao kwa nyundo na patasi butu. Anakalafati! Kazi ileile niliyoizoea utotoni ufukweni. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya jahazi la kwetu. Akaitazama, akaivuta ikue, akachunguza omo. "Uru," akasema, kama anayenisahihisha, akarudi kwenye nyundo yake.

Hakuna tiketi. Omba ruhusa kwa msimamizi, na ukipanda juu ya chombo vua viatu.

Jioni rudi mjini, barabara ya SM, ununue halua. Imepangwa madirishani vipande vyekundu, kijani na vyeusi, inanesa kama ya Unguja. Mimi nasema ya Unguja inashinda kwa iliki, lakini nimeshagombana na watu kwa hili.

Na Kochi?

Kochi inajiuza yenyewe. Lala Fort Kochi, upande wa mji wa kale, si Ernakulam kwenye maduka na foleni, na uvuke kwa kivuko cha serikali cha rupia chache. Tazama nyavu za Kichina zinavyoinuliwa kwa mawe ya kusawazishia uzito. Kanisa la Mtakatifu Francis ndipo alipozikwa huyohuyo Vasco da Gama mwaka 1524, kabla mifupa yake haijapelekwa Ureno. Mattancherry kuna sinagogi la mwaka 1568, hufungwa Jumamosi, na kandokando yake maghala ya viungo ambayo harufu yake inakufikia kabla hujakata kona. Mtu akikwambia "njoo uone tu, bure", ujue bajaji aliyekuleta ana kamisheni yake mle.

Boti zenye vitanda za Alappuzha zina thamani ya pesa zake?

Kwa fungate, ndiyo. Kwa familia ya watu sita wanaogawana gharama, ndiyo. Kwa mtu mmoja, hapana.

Zinaitwa kettuvallam, maana yake chombo kilichofungwa, kwa sababu asili yake mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi bila misumari. Mtu wa Lamu atakumbuka mtepe. Zamani zilibeba mpunga, siku hizi zina kiyoyozi na mpishi. Usiku mmoja na chakula huanzia kama rupia 8,000 kwa chumba, na msimu wa sikukuu hupaa. Ambacho dalali hakwambii ni kwamba ikifika kama saa 12 jioni boti lazima litie nanga, kwa kuwa wavuvi wanatega nyavu. Unalala umefungwa ukingoni, pengine ukiwa umebanana na jenereta ya jirani. Na boti kubwa haliingii kwenye mifereji myembamba, ambako ndiko kwenye uhai: mama anaosha sufuria mlangoni, bata mia wanavushwa kama ng'ombe, mashamba ya mpunga ya Kuttanad yako chini kuliko maji yanayoyazunguka.

Kwa hiyo kodi mtumbwi wa asubuhi kwa saa tatu, halafu panda boti ya abiria ya serikali kutoka Alappuzha kwenda Kottayam. Ni saa mbili na nusu hivi za ziwa Vembanad na mifereji yake, kwa nauli isiyofika bei ya soda mbili. Ukifika Agosti, ulizia tarehe ya mashindano ya mitumbwi ya nyoka ya Nehru Trophy, kila mtumbwi na wapiga makasia kama mia.

Munnar au Ooty?

Kama umekulia Kericho, Mufindi au Amani, mashamba ya chai ya Munnar utayapenda asubuhi moja, ya pili utaanza kukagua wamepogoa vipi. Ni mazuri kweli, mita kama 1,600 juu, baridi ya kutafuta sweta. Kinachonirudisha mimi ni hifadhi ya Eravikulam, kwa wale mbuzi-mwitu wa milimani wasioogopa watu, na mlima Anamudi wa mita 2,695, mrefu kuliko yote kusini mwa India. Hifadhi hufungwa karibu Februari na Machi mbuzi wakizaa. Kuna pia ua la neelakurinji linalofunika milima kwa rangi ya samawati mara moja kila miaka 12. Lilichanua 2018, basi weka nadhiri ya 2030.

Ooty mji wenyewe umejaa. Nenda kwa ajili ya treni. Kutoka Mettupalayam inapanda kilomita 46 kwa karibu saa tano, na kwenye mwinuko mkali gurudumu la meno linashika reli ya meno iliyolazwa katikati, injini ikisukuma mabehewa kutoka nyuma. Njia ilifika Coonoor mwaka 1899 na Ooty 1908, na tangu 2005 iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Upana wa reli zake ni mita moja, uleule wa reli ya Tanga na ile ya zamani ya Mombasa. Baba yangu, aliyefanya kazi reli, nilipomtumia picha hakuuliza habari za mandhari. Aliuliza breki. Viti huisha mapema sana, shika nafasi siku mauzo yanapofunguliwa.

Tangu Mei 2024 gari linalopanda Ooty au Kodaikanal linahitaji kibali cha mtandaoni. Chupa za maji za plastiki ni marufuku milimani huko, na wanakagua kweli. Sisi tuliozoea kunyang'anywa mifuko mipakani tutaelewa.

Nataka kuona mahekalu. Sisi wageni tunaruhusiwa kuingia?

Inategemea hekalu. Padmanabhaswamy la Thiruvananthapuram, ambalo vyumba vyake vya chini vilifunguliwa 2011 vikakutwa na hazina ya dhahabu, ni la Wahindu tu. Guruvayur vilevile. La Meenakshi huko Madurai unaingia, isipokuwa kile chumba cha ndani kabisa. Simu unaiacha nje. Nenda mchana uone ile minara 14 ya malango iliyojaa sanamu za rangi, halafu rudi usiku kabla hawajafunga: kila usiku sanamu ya Shiva hubebwa kwa ngoma na tarumbeta kwenda kulala chumbani kwa mkewe.

Ukiniambia nichague moja, nachagua Thanjavur. Rajaraja wa ukoo wa Chola alilimaliza hekalu lake mwaka 1010, mnara wa mawe matupu unaopita mita 60, na kiingilio ni bure. Fika saa 11 jioni. Mawe yamenyonya jua mchana kutwa na ukikaa juu yake bila viatu unahisi kama umekaa kwenye baraza ya nyumbani Februari. Familia zinakuja na vyakula, watoto wanakimbizana, hakuna anayekuuliza dini.

Viatu huvuliwa kila mahali, kwa hiyo vaa ndala. Mabega na magoti yafunikwe. Mtandio wa kanga unatosha kwa kazi zote.

Hampi ni mbali. Inastahili?

Inastahili kuliko karibu chochote nilichotaja, lakini itengee siku tatu za kwake. Ulikuwa mji mkuu wa dola ya Vijayanagara, ukatekwa na kuharibiwa mwaka 1565 baada ya vita vya Talikota, na magofu yametapakaa kati ya majabali yaliyopandana kama ya Mwanza, ila Mwanza wangejenga mahekalu katikati ya mawe badala ya nyumba. Panda treni ya usiku kutoka Bengaluru hadi Hosapete, kisha bajaji. Kodi baiskeli, anza alfajiri, mchana ulale. Mto Tungabhadra unavushwa kwa vikapu vya duara vilivyopakwa lami, vinavyozunguka ovyo mpaka unasahau ulikuwa unaelekea wapi. Mgeni hulipa rupia 600 pale mwenyeji anapolipa 40, na Mahabalipuram ni hivyohivyo. Usigombane na karani, na tiketi uitunze, kwani siku hiyohiyo inakuingiza zaidi ya sehemu moja.

Tuko Chennai au Vellore kwa matibabu, mgonjwa amepata nafuu, tuna siku mbili tatu.

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na ndugu wengi huona haya kuliuliza, kana kwamba kutembea ni kumsaliti mgonjwa. Msione haya.

Kutoka Chennai chukueni gari asubuhi kwenda Mahabalipuram, saa moja na nusu kwa barabara ya pwani. Kuna hekalu la ufukweni la karne ya 8 na jabali zima lililochongwa tembo, watawa na paka aliyesimama kwa miguu miwili akijifanya mcha Mungu. Watu wanacheka wakimwona huyo paka tangu enzi hizo. Njia ni tambarare, vivuli vipo, mgonjwa anaweza kukaa. Mkiweza, endeleeni mpaka Puducherry mlale usiku mmoja. Ilikuwa mikononi mwa Wafaransa hadi 1954, na njia ya ufukweni jioni hufungwa magari, watu wanatembea polepole tu.

Walioko Vellore wana ngome yenye handaki la maji palepale mjini, na Kanchipuram ya mahekalu na hariri iko njiani kuelekea Chennai. Walioko Bengaluru waende Mysuru, kilomita kama 145, na wapange iwe Jumapili: saa 1 usiku taa karibu 100,000 za jumba la mfalme huwashwa kwa mpigo na umati mzima unaguna "aaah". Milimani kama Ooty, mita 2,240 juu, msimpandishe mgonjwa wa moyo au mapafu kabla ya kumuuliza daktari wake.

Tutaona wanyama?

Kwa tembo na nyati, umetoka kwenye wengi zaidi. Chui milia ndiye asiyekuwepo kwetu, na anaishi kwenye hifadhi za Nagarahole, Bandipur na Periyar. Nimeingia mara nne. Nimeona nyayo, mikwaruzo kwenye mti, na madereva watano wakinong'onezana kwa msisimko. Yeye mwenyewe bado.

Chakula kitatupatana? Na halali?

Mtu aliyelelewa kwa nazi atastarehe. Kerala wanapika samaki kwa tui na ukwaju, wanakula mkate wa chila unaoitwa appam, na Tamil Nadu kuna kitu kinaitwa paniyaram kinachokaangwa kwenye chuma chenye mashimo, chuma chetu cha vitumbua kabisa. Mchana omba "meals": wali juu ya jani la mgomba, na mhudumu anapita na ndoo akiongeza mpaka ukunje jani kuelekea kwako kuonyesha umeshiba. Kwenye hoteli za kawaida ni kati ya rupia 80 na 150 hivi. Kula kwa mkono wa kulia. Ukila kwa mkono vizuri, wenyeji watakupenda papo hapo.

Kwenye mikahawa ya Kerala utaletewa maji ya uvuguvugu yenye rangi ya waridi. Usiyarudishe. Yamechemshwa na vipande vya mti, ndiyo maji salama ya hapo. Ya bomba usinywe.

Halali si tabu: robo ya watu wa Kerala ni Waislamu, na biriani ya Malabar hutumia mchele mfupi wenye harufu, si basmati. Hyderabad nayo ni mji wa biriani, ukitoka kwenye malango manne ya Charminar ya mwaka 1591 fuata pua yako. Tamil Nadu na Karnataka ukiona kibao cha "pure veg" ingia bila kuuliza, hakuna nyama mle. Pilipili, kweli, ni nyingi. Omba mtindi pembeni.

Viza na chanjo?

Wakenya, Watanzania, Waganda na Wanyarwanda huomba viza ya mtandaoni kwenye tovuti ya serikali ya India yenyewe. Zipo tovuti za kughushi zinazofanana nayo na zinazotoza mara tatu, soma anwani herufi kwa herufi. Ya utalii ipo ya siku 30, mwaka 1 na miaka 5. Anayemsindikiza mgonjwa ana aina yake. Kochi, Kozhikode, Thiruvananthapuram, Chennai, Bengaluru na Hyderabad zote zinaipokea. Kutoka kwetu njia rahisi ya Kerala hupitia Ghuba, kwa sababu Wamalayali wamejaa kazini huko na ndege ni nyingi kama daladala.

Cheti cha homa ya manjano India hawafanyi nacho mzaha. Chanja siku 10 au zaidi kabla ya safari. Anayetoka Kenya, Uganda au Kongo bila cheti anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Mtanzania naye abebe chake, maana ukipita Nairobi au Addis Ababa maswali yanaanza.

Treni zinakatwaje?

Nafasi hufunguliwa siku 60 kabla, na njia zinazopendwa huisha siku hiyohiyo. Daraja la 3A lina kiyoyozi, vitanda vya ghorofa tatu na shuka safi, linatosha kabisa. SL haina kiyoyozi, ni nafuu, na ndiyo yenye hadithi. Tiketi ikiandikwa WL uko kwenye orodha ya kusubiri, na kama haijathibitika usipande. RAC unapanda lakini unagawana kiti na mtu. Ukichelewa kabisa kuna tiketi za tatkal zinazofunguliwa siku moja kabla.

Pesa na simu?

India nzima inalipa kwa kuskani msimbo wa UPI, hata muuza dafu, kama Lipa Namba ya kwetu. Mgeni asiye na akaunti ya huko hupata shida, kwa hiyo tembea na noti ndogondogo. Laini ya simu nunua uwanja wa ndege kwa pasipoti na viza.

Sisi watu weusi watatupokeaje? Niambie ukweli.

Watakutazama. Kwenye treni watoto watakutolea macho safari nzima, na familia zitaomba picha. Mara nyingi ni udadisi, na ukimwita mwanamume "anna" kule Tamil Nadu na Karnataka, au "chetta" Kerala, yaani kaka mkubwa, uso unafunguka. Mwanamke mkubwa kwako ni "akka", au "chechi" kwa Kerala. Wana adabu ya majina kama sisi.

Lakini si udadisi wakati wote. Saa 5 usiku, mji mmoja wa Karnataka, hoteli tuliyoishalipia ilitutazama mimi na mama mlangoni ikasema vyumba vimejaa. Nyuma yetu wakaingia vijana wawili wakapewa funguo. Kisingizio huwa ile fomu iliyozoeleka kwa jina la fomu C, ambayo kila hoteli inatakiwa kumjazia mgeni wa nje, na vihoteli vidogo vingine kweli havina usajili huo. Tangu siku hiyo napiga simu kabla: "Mnapokea wageni wa pasipoti za kigeni?" Na sifiki mji mpya usiku nikiwa na mzee.

Ni kweli kuna Wahindi wenye asili ya Afrika huko?

Ndiyo. Wasidi wanaishi kwenye misitu ya kaskazini mwa Karnataka, karibu na Yellapur na Haliyal, wengi wakiwa wajukuu wa watu waliopitishwa Goa na Wareno. Hyderabad kuna mtaa unaitwa AC Guards, kifupi cha kikosi cha farasi cha Waafrika kilichomlinda nizamu, mtawala wa zamani wa Hyderabad. Nenda kama unakwenda ugenini, si kama unakwenda hifadhi ya wanyama.

Tulete zawadi gani?

Iliki ya kijani na pilipili manga kutoka Kerala, kahawa ya Coorg, sabuni ya msandali ya Mysuru. Sari ya hariri ya Kanchipuram kama una moyo na mfuko. Na lungi kwa wazee wa kiume.

Mama amechoka na India ya hospitali. Anasema anataka kwenda nyumbani tu.

Wangu alisema hivyohivyo. Ilikuwa wiki ya tano, daktari amemruhusu, ndege bado siku sita. Hakutaka hekalu, hakutaka jumba la mfalme. Nikamvusha Kerala kwa treni ya usiku, asubuhi yake nikampandisha ile boti ya abiria ya Alappuzha, kiti cha ubavuni, ameshika mfuko wa dawa mapajani.

Nusu saa hakusema kitu. Boti inasimama kila gati, wanafunzi wanashuka, wanapanda wengine. Akapanda bibi mmoja na kapu la samaki akaketi mkabala, akamtazama mama, akamtazama tena, akanyanyua kitambaa kumwonyesha. Mama akainama akachungulia.

"Kibua," akasema.

Bibi akataja jina la kwake. Mama akatikisa kichwa: "Kibua huyu, dada. Wa kukaanga." Wakaanza kubishana, mmoja Kiswahili, mmoja Kimalayalam, vidole vikionyesha ukubwa, mafuta, nazi. Gati la tatu bibi akashuka. Mama akageukia dirishani, minazi inapita, mtoto anaogeshwa kwenye ngazi za nyumba.

"Kumbe hapa Pangani tu," akasema. "Ila wamezidisha maboti."

Akaniuliza kama nauli ya kurudi ni ileile.